Sensa ya sukari mkononi: wiki mbili nayo kwenye jogging ya Temeke

Kwanza tuelewane: sensa ninayoisema hapa si ile ya watu na makazi. Ni kidude cha duara, kama sarafu hivi, kinabandikwa nyuma ya mkono juu ya kiwiko na kukaa siku 14 kikisoma sukari. Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 19, nachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Kazi yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo vidole vyangu vimeshatobolewa na sindano za kila aina.

Shida yangu ilikuwa Jumamosi. Klabu yetu huondoka Mwembe Yanga saa 12 asubuhi, fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha wengine tunaitikia, mpaka Uwanja wa Mkapa na kurudi. Kuna siku nilikaa chini pembeni ya mtaro, sukari imeshuka, jasho la baridi linanitoka, wenzangu wanacheka wakidhani pumzi imekata. Kuanzia hapo nikawa nakula chapati mbili kabla ya kutoka, halafu narudi nyumbani na sukari 16, juu mno. Mbio za nini sasa?

Nimeinunua laki mbili na ushee kwenye duka la dawa mjini, bima haikutaka hata kusikia. Kubandika hakuumi, kidole kinauma zaidi. Ila baada ya saa moja ya kusubiri sensa ianze kusoma, namba ya kwanza kutokea kwenye simu ilikuwa 118. Nusura nianguke palepale kaunta! Kumbe programu ilikuwa inasoma miligramu, na sisi tumezoea milimoli, vipimo viwili vya sukari ileile. Ukigawa kwa 18 unapata 6.6, sukari ya mtu mzima wa afya. Muuzaji angeweza kusema mapema.

Jumamosi ya kwanza nilitoka na 8.2. Kliniki walishanipa mipaka yangu: chini ya 5 nile kitu kwanza, juu ya 15 nisitoke kabla ya kupima ketoni, ile asidi mwili unayotengeneza ukikosa insulini. Tulipofika uwanjani nikapitisha simu juu ya mkono wa fulana: 5.8. Ningekuwa na namba peke yake ningeendelea kuimba. Lakini pembeni yake kulikuwa na mshale umeelekea chini moja kwa moja. Nikatoa kipimo cha kidole mfukoni: 4.3. Sensa haisomi damu, inasoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, na sukari ikishuka kwa kasi, sensa inachelewa dakika kadhaa. Nikanunua soda, nikanywa nusu chupa, ambayo ni kama gramu 15 za sukari, nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Baada ya robo saa sensa ikasema 3.7, kidole kikasema 5.6. Hapo ndipo mtu anapojimalizia chupa nzima kwa woga na kurudi kulekule kwenye 16. Nusu iliyobaki nilimpa kijana wetu wa ngoma.

Kwa hiyo nilichonunua mimi ni mshale. Namba nazichukua kwa tahadhari, na stripu, vile vijikaratasi vya kupimia damu ya kidole, sijazitupa.

Kuna mambo nisingeyajua bila hiki kidude. Zile mita za mwisho tunazoshindana kwa kasi hazinishushi, zinanipandisha. Daktari anasema mwili ukikurupuka unamwaga sukari yake wenyewe. Na hatari yangu kubwa haiko barabarani. Iko usiku wa Jumamosi, misuli inapojirudishia akiba ya sukari iliyotumika asubuhi. Saa 8 usiku kengele ililia, 3.4, na kidole kikakubali. Miaka yote nilikuwa naamka Jumapili na kichwa kizito nikidhani ni uchovu.

Jumanne ikalia tena. Mama watoto akaruka na sukari vijiko vitatu kwenye maji, akanishika kidevu kama mtoto. Nikamwomba anipime kwanza: 7.1. Nilikuwa nimelalia mkono wenye sensa, na ikikandamizwa inasoma chini. Glasi akainywa yeye kwa hasira.

Gundi ni dhaifu kwa jasho la Dar. Siku ya tisa ukingo ulianza kuinuka, nikauzungushia plasta ya kitambaa, ikafika siku 14. Na kabla hujalipa hakikisha simu yako ina NFC, ile inayoiwezesha kusoma sensa kwa kusogezwa karibu. Ya kwangu haikuwa nayo, nilitumia ya mdogo wangu, naye akawa anajua sukari yangu kuliko mimi.

Mchoro wa wiki mbili niliupeleka kliniki, daktari akapunguza yuniti za insulini za jioni ya Jumamosi. Chapati moja imeondoka. Kuinunua kila mwezi siwezi; nimeweka hesabu ya mara mbili kwa mwaka, ya pili baada ya msimu wa sare za shule, fundi akiwa na hela.