Unataka saguaro ya yadi? Soma kwanza kabla hujatoa hela

Mtu akishapata nyumba yenye yadi huku Phoenix au Tucson, Arizona, Marekani, kinachofuata ni kutaka saguaro, lile likaktasi refu lenye mikono, na wauzaji wanajua ndo maana wanapiga bei kwa futi na mikono nayo ina hela yake. Mimi nasema usinunue urefu, nunua mizizi. Napanga hivi:

1. Saguaro ndogo ya poti, iliyooteshwa nasari ya miche kwa mbegu. Hii ndo namba moja kwangu manake inakuja na mizizi yake yote, unaibeba mwenyewe kwenye gari na haikusumbui. Shida yake ni moja, haina haraka kabisa, porini miaka 8 ya kwanza inaweza isifike hata sentimita 4, maua ni kama miaka 35 na mkono wa kwanza mara nyingi miaka 50 mpaka 75, kwa hiyo mikono waachie wajukuu. Ikimwagiliwa inakimbia kidogo kuliko ya porini.

2. Saguaro ya Argentina. Si saguaro ya kweli ila imefanana nayo, inakua haraka zaidi, inavumilia baridi na maua yake meupe ni makubwa hasa. Mgeni akija usipomwambia hajui.

3. Kaktasi ya fence post ya Meksiko. Kule kwao wanaipanda mstari inakuwa uzio. Ukikata kipande ukakiacha kidonda kikauke kinashika mizizi, kwa hiyo ukiwa na jirani mzuri unaipata bure. Usiku wa kuganda ncha zinaungua, ndo utaona watu wamezivisha vikombe vya foam kichwani, usicheke, vinasaidia.

4. Saguaro kubwa iliyong'olewa sehemu nyingine. Ya mwisho, na ndo inayokula hela za watu. Mizizi yake mingi iko juujuu tu, kina cha sentimita 10 hivi, ila inatambaa mbali karibu sawa na urefu wa mti wenyewe, sasa jamaa wakija na kreni wanaondoka na kipande kidogo cha mizizi na mwili ambao ukijaa maji unaweza kufika tani 2. Mwili huo una akiba ya maji, unaweza kusimama kijani miaka kadhaa kumbe ulishakufa siku nyingi, kwa hiyo garantii ya mwaka mmoja hapo haikusaidii kitu. Kama umeng'ang'ania, inama uangalie shina pale chini, ukiona doa laini la kahawia linatoa maji meusi yananuka, hiyo ni bakteria, ondoka. Uliza upande gani ulikuwa unatazama kusini, wang'oaji makini wanauweka alama, ukiigeuza ngozi iliyozoea kivuli inababuka na jua. Halafu tagi na kibali cha Idara ya Kilimo ya Arizona, bila hivyo ni ya wizi na kesi yake si ndogo, wizi umezidi mpaka Hifadhi ya Saguaro pale Tucson wameanza kuziwekea chipu za kuzitambua zikiibwa.

Kupanda, subiri udongo upate joto, machipuko hivi, tumia udongo uleule wa yadi bila mbolea na usiifukie zaidi ya ilivyokuwa. Ndogo iwekee shedi neti kiangazi cha kwanza. Maji mwaga mbali na shina, acha pakauke kabisa ndo urudie, na mbavu zake, yaani ile mikunjo ya shina, zitakwambia, zikishiba zinafunguka kama kinanda cha mkono, zikiwa na kiu zinabanana. Kwenye nyasi za kumwagilia kila siku usithubutu, itaoza.

Na wale mnaowaza kupeleka moja nyumbani Dar au Nairobi, saguaro iko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, bila makaratasi haivuki mpaka. Huko wanauza Cereus, kaktasi nyingine ndefu, kwenye vitalu vya barabarani, chukua hiyo.