"Kwani kwenu hakuna ndovu?": uzoefu wangu na ziara ya Nairobi

Nairobi nitarudi, na shule zikifungwa tena huenda nikarudi upesi. Ila kampuni iliyotutembeza sipandi tena gari lake hata wakinipa bure na chakula cha mchana juu. Jina silitaji, sitaki kesi na mtu.

Tulikuwa watatu kutoka Arusha: mimi, mdogo wangu na binti yangu aliye darasa la pili. Sisi wa Arusha Nairobi si mbali. Unapanda kosta asubuhi, Namanga unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, na foleni ya Kitengela ikikuonea huruma, mchana unakula Nairobi. Wengi wetu tunaenda kufuata mzigo wa nguo na kugeuza. Safari hii nilisema hapana, tunaenda kutembea kama watalii wengine, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi nikaona bora tulipe watu wenye kazi yao watupangie.

Sababu kubwa ya safari ilikuwa tembo. Najua, mtu wa Arusha kufuata tembo Nairobi ni kichekesho, na Tarangire wamejaa. Lakini hawa ni watoto yatima, wanaonyweshwa maziwa kwa chupa mbele ya macho yako, pale kwenye kituo cha Sheldrick pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mama mmoja, Daphne Sheldrick, ndiye aliyelianzisha shirika lile mwaka 1977 kwa kumkumbuka mumewe David, aliyekuwa mhifadhi wa Tsavo Mashariki. Binti yangu aliona video yake kwenye simu na tangu hapo nyumba haikuwa na amani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye ugomvi wote. Wageni wa kawaida wanaruhusiwa pale kwa muda wa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa sita mchana, na lazima uwe umeweka nafasi kabla. Ikipita hiyo saa, watoto wanarudi porini na walezi wao, basi. Kwa mgeni wa kawaida hakuna awamu ya pili. Jambo hili nililiandika kwenye ujumbe wangu wa kwanza kabisa kwa hiyo kampuni, na nikalirudia siku ya kulipa: mengine yote yanaweza kusogezwa, tembo hawasogezwi. Wakanijibu kwa kidole gumba.

Asubuhi ya ziara tulikuwa chini hotelini mapema, katikati ya jiji, mtoto kavaa viatu vya mvua kwa sababu kwenye video aliona tope. Gari lilitakiwa lifike saa tatu na nusu. Saa nne, kimya. Saa nne na nusu nikapiga simu, naambiwa "dereva yuko hapo tu". Hapo wapi? Lilipofika, saa tano ilikuwa inagonga, na ndani mlikuwa na wazungu wawili waliochukuliwa Westlands. Mimi nililipia gari la peke yetu! Maskini wale wageni wenyewe walikuwa wanashangaa kutuona, nao waliambiwa hivyohivyo.

Tukaingia Lang'ata Road na foleni yake. Nilikuwa natazama saa na kutazama lori lililo mbele yetu, hadi maandishi ya nyuma yake nimeyakariri. Kufika getini saa sita imepita, watu wanatoka. Watoto wa wenzetu wana udongo mwekundu mpaka magotini, wanasimuliana nani alipigwa na mkonga. Mlinzi, kijana mwenye adabu kweli, akasema, "Pole sana mama, wameshaenda." Binti yangu hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya gari akaanza kuvua vile viatu vya mvua, kimoja kimoja.

Nikampigia yule dada wa ofisini. Nilitegemea kuambiwa pole. Neno pole halina kodi, na Mkenya au Mtanzania hulitoa hata kwa mtu aliyejikwaa barabarani. Alichoniambia ni hiki, na mdogo wangu ni shahidi kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika: "Madam, ni jam tu. Na kwani kwenu hakuna ndovu? Si Tanzania ndiyo mko na wengi?"

Nilinyamaza. Nikavuta pumzi. Kabla sijajibu akaongeza kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto: "Relax, mtawaona parkini mchana."

Ndugu zangu, Hifadhi ya Taifa ya Nairobi haina tembo! Ina simba, ina nyati, ina chui, ina faru weusi ambao ndio sifa yake kubwa, lakini tembo wa porini haina, na kila anayeuza safari Nairobi analijua hilo kabla hajafungua ofisi. Foleni namsamehe, hakuitengeneza yeye. Uongo ule wa pili, uliosemwa huku mtoto anasikiliza, ndio ulionichoma moyoni. Maana binti yangu alivaa tena viatu vyake, na mchana kutwa alikuwa anauliza tembo wako upande gani.

Na bado. Kwenye lango la hifadhi hakulipwi taslimu, unalipa kwa simu kupitia eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa malipo mtandaoni. Dereva alikuwa anatulipia, mimi nimekaa kiti cha mbele, naona kioo cha simu yake waziwazi: kundi la raia wa Afrika Mashariki, bei kwa shilingi za Kenya. Sisi kampuni ilitutoza kwa dola, bei ya mgeni wa kutoka ng'ambo! Kile kilicholipwa pale langoni hakikufika hata robo ya tulichotozwa kwa jina la kiingilio. Nilipouliza, yule dada akasema hiyo ni "service". Huduma gani, ya kuniuliza kama kwetu kuna ndovu?

Nisiwe mwizi wa fadhila lakini. Ndani ya hifadhi palinituliza. Hifadhi ya tangu 1946, na unamwona faru anakula majani huku nyuma yake magorofa ya jiji yamesimama. Kitu hicho Serengeti hukipati, nasema hivyo nikiwa Mtanzania mwenye wivu na nchi yangu. Kule kwa twiga Lang'ata nako kulimfufua mtoto. Unasimama kwenye baraza la juu, sawa kwa sawa na uso wa mnyama, unanyoosha kiganja chenye chakula na ulimi mweusi wenye mate mazito unakukomba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ni twiga wa Rothschild, kwetu hawapo. Wa kwetu madoa yanashuka miguuni, hawa chini ya goti ni weupe kama wamevaa soksi za shule. Binti yangu ndiye aliyegundua, si mimi.

Na dereva! Mzee wa makamo, mpole, hakujitetea hata mara moja. Alimnunulia mtoto mahindi ya kuchoma kwa hela yake, na jioni, kazi yake ikiwa imekwisha, akatupitisha kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale palipolipuliwa ubalozi wa Marekani mwaka 1998. Tulisoma majina ukutani kimyakimya. Dar es Salaam nako bomu lilipigwa asubuhi ileile, kwa hiyo haikuwa habari ya jirani tu. Kwa ajili ya mzee huyu nilikuwa nimeamua kuipa kampuni nyota mbili, hata tatu kama ningelala vizuri.

Wakati wa kuagana nikamwambia nitamsifia kwa bosi wake. Akacheka. Bosi yupi? Gari ni lake mwenyewe, wale wanamkodi kwa siku, na usiku uliotangulia walimpa orodha ya hoteli tu, bila kumwambia habari ya saa tano. Kumbe hakujua! Kwa hiyo nyota zote mbili ni zake, wao sijui niwaachie nini.

Kesho yake tulijitembeza wenyewe, na ndiyo siku iliyonoga. Makumbusho ya Taifa tulimwona yule kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ambayo Kamoya Kimeu aliigundua mwaka 1984. Sisi tuliozoea kutamba na Oldupai tulisimama pale kwa heshima. Tukapanda juu ya KICC, lile jengo refu la mikutano katikati ya jiji, tukaiona Nairobi yote chini yetu. Hatukumlipa wakala hata senti. Basi ukitaka tembo, andika nafasi wewe mwenyewe moja kwa moja kwa Sheldrick, lala upande wa Lang'ata au Karen usiku wa kuamkia siku hiyo, na lango la hifadhi lipie kwa jina lako ukiwa na pasipoti ya Afrika Mashariki mkononi.

Tuliporudi nyumbani niliwadai tofauti ya kiingilio, na pesa ya gari la peke yetu ambalo halikuwa la peke yetu. Wamenipa ofa ya punguzo kwa safari ijayo, na picha ya tembo imewekwa juu ya tangazo lenyewe. Nimewarudishia namba yangu ya kupokelea fedha. Ujumbe wameusoma, tiki zote mbili ni za bluu, na leo nimeutuma tena.