BlueJ kwa anayeanza OOP chuoni, nimeitumia semista mbili na haya ndo maoni yangu

Jamani kama uko chuo na OOP (object-oriented programming, yaani kuandika programu kwa klasi na objekti) inakusumbua naomba usikie habari ya BlueJ, programu ya kuandikia na kujaribia kodi (code) ya lugha ya Java, maana mimi ndo iliyonifungua macho na sioni watu wakiiongelea sana.

Mwanzo nilikuwa nakariri tu. Klasi ni ramani, objekti ni nyumba, naandika hivyo kwenye mtihani napata maksi zangu, ila nipe kompyuta niandike kitu chenye klasi tatu zinazotegemeana nabaki natumbua macho. Kwenye ile programu tuliyokuwa tunaandikia kodi unaona mafaili tu, objekti yenyewe huioni hata siku moja, inazaliwa na kufa ndani ya memori huko na wewe unaambulia maandishi mawili matatu kwenye skrini.

BlueJ imetengenezwa kwa ajili ya shida hiyo hiyo. Ilianza 1999 Chuo Kikuu cha Monash kule Australia, Michael Kölling na John Rosenberg, na toka mwanzo walimlenga mwanafunzi. Ni ya bure. Ukifungua projekti kila klasi ni kiboksi, mshale wa vidoti unamaanisha klasi hii inaitumia ile, wa mstari mzima ni urithi, yaani klasi moja inachukua sifa za nyingine. Sasa utamu uko hapa, unabofya kiboksi cha klasi kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua new, unaipa jina, na objekti inatokea pale chini, kiboksi chekundu unachokiona kwa macho yako. Huna haja hata ya kuandika public static void main, ule mstari ambao programu ya Java huanzia. Unaibofya, unachagua metodi (kitendo ambacho objekti inaweza kufanya), unajaza vigezo, jibu hilo.

Ngoja niwape mfano wa asaimenti ya maktaba. Niliandika klasi Kitabu, ina jina, mwandishi, na boolean (thamani ya ndiyo au hapana) ya kuonyesha kimeazimwa au la. Ikakompaili vizuri kabisa. Maktaba ina nakala tatu za kitabu kimoja kwa hiyo nikaunda objekti tatu pale chini, kitabu1, kitabu2, kitabu3, halafu nikagundua jina la mwandishi nimekosea herufi, nikaita metodi ya kurekebisha kwenye kitabu1. Nikafungua Inspect (dirisha la kuonyesha yaliyomo ndani ya objekti) kwa zote tatu nikayapanga madirisha yake moja ubavuni mwa jingine. Moja sahihi, mbili bado zina kosa lile lile. Nikakaa nazitazama weee, ndo ikaniingia kwamba kitabu na nakala ni vitu viwili! Kitabu kina jina na mwandishi, nakala ina namba yake na hali yake ya kuazimwa, na nakala inakijua kitabu chake. Nikaandika upya. Safari hii ukifungua nakala, pale penye kitabu hakuna maandishi, kuna mshale, ukiubofya unakupeleka kwenye kitabu chenyewe, na nakala zote tatu mishale yao inaishia kwenye kitabu kimoja. Nikarekebisha herufi mara moja tu. Ile mada ya rejea, yaani objekti moja kuielekeza nyingine badala ya kubeba nakala yake, niliyoisoma wiki mbili bila kuelewa ilikaa kichwani jioni ile ile.

Wale Wanorwei walioleta klasi na objekti kwenye lugha ya programu ya Simula 67, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wanataka kuiga mambo ya dunia halisi ndani ya kompyuta, na kiukweli ukiwa na BlueJ unarudi kwenye wazo hilo, unaanza kujiuliza hiki kitu ni nini hasa na kinajua nini, kabla hujagusa kibodi.

Ila usidhani itakufundisha kudizaini. Inakuonyesha ulichojenga, haikuambii kama umejenga vibaya. Mimi niliweka Mwanafunzi na Mkutubi wote wanarithi Mtu, mchoro ukapendeza kweli, halafu akatokea mwanafunzi anayefanya kazi maktaba, ikabidi nimuundie objekti mbili, na akiazima kama mwanafunzi yule mkutubi hana habari kabisa wakati ni mtu yule yule. BlueJ haikulalamika hata kidogo. Ikabidi nifikirie mwenyewe kwamba ukutubi ni kazi anayopewa mtu, sio aina ya mtu, urithi nikautoa nikaweka Mtu mwenye majukumu yake.

Kingine ni kwamba ni ya Java zaidi, na klasi zikishafika thelathini hivi ule mchoro unakuwa utando wa buibui huoni kitu. Kwa projekti ya mwaka wa mwisho ya kikundi nadhani haifai, tafuteni programu ya kikazi.

Kuna kitu nilichelewa sana kukijua, inaweza kurekodi unavyozichezea objekti kwa mkono halafu inakugeuzia kuwa testi ya JUnit (zana ya kupimia kama kodi ya Java inafanya kazi sawasawa). Yaani unaunda nakala, unaiazima, unaiazima tena kuona kama itakataa, unasema matokeo yawe nini, testi ipo tayari. Kama kuandika testi kunakushinda anzia hapo.

Siku hizi kodi yangu nyingi naandikia kwingine, lakini muundo ukinigomea narudi BlueJ na zile klasi mbili tatu tu zinazonisumbua, naunda objekti, naita metodi moja moja, naangalia nani anamshika nani.