Chekechea yetu ya Langoni: mtoto anafundishwa kujihudumia kweli

Naandika haya manake kila nikipita hapa Lamu mjini kuna mama ananisimamisha, eti huyo wako mmempeleka wapi mbona anavaa mwenyewe. Jina la shule anayetaka aje inboksi, ni chekechea ndogo tu ya mtaani, mwanangu ameingia PP1, ule mwaka wa kwanza wa chekechea, ana miaka minne na sasa amemaliza mihula miwili.

Nyumbani alikua hafanyi kitu wallahi. Bibi yake anamlisha tonge, anamvisha, anamtawaza, mtoto kasimama tu kanyoosha mikono. Mimi nikijaribu kumfundisha vifungo namwambia haya anza cha juu, anahangaika, analia, nachoka, namfungia mwenyewe tunatoka.

Pale shuleni wanaanzia mwisho na hicho ndo kilinishangaza. Mwalimu anafunga vifungo vyote anambakishia kimoja cha mwisho, akikiweza wanambakishia viwili, hivyo hivyo mpaka shati zima ni lake. Zipu pia, mwalimu anaipachika pale chini yeye kazi yake kuivuta tu kwanza. Yaani kila siku mtoto ndo anayemaliza kazi kwa hivyo hakuna siku anarudi ameshindwa. Wana fremu za mbao zimewambwa kitambaa, moja ya vifungo vikubwa, moja ya zipu, moja ya kamba, mtindo wa Maria Montessori yule daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, ila hizi zao zimechongwa na fundi wa hapa hapa na ni imara ma sha Allah.

Kunawa mikono wana jerikeni la lita tano limetundikwa, mtoto anakanyaga kijiti chini maji yanatoka kidogo kidogo, hakuna kushika mfereji kwa mkono mchafu na maji hayapotei, na sisi hapa twajua maji matamu yalivyo taabu. Wanasugua na sabuni mpaka wahesabu ishirini. Nilipenda vile ticha anawakumbusha mambo ya chuoni, yaani madrasa, "kati ya vidole, kama udhu," basi wote wanaelewa papo hapo. Dawa ya meno ni kama punje ya njegere tu, mimi nilikua najaza mswaki mzima! Na wakatuambia usiku mzazi arudie kumsugua mpaka afike miaka saba au minane, mkono wake bado haujakaza.

Chooni wasichana wanaelekezwa na mwalimu wa kike, kutoka mbele kwenda nyuma, na wote wanaambiwa mwili wako hachezei mtu, akikugusa vibaya sema.

Sasa lawama. Viatu vya kamba kwa mtoto wa miaka minne mimi naona ni mapema, wengi fundo la ua wanaliweza wakifika mitano sita, wangu alilia wiki mbili mpaka nikamnunulia vya kubandika na shule wakanuna. Sinki pia iko juu, watoto wanapanda kreti na sakafu imerowa, hapo mtu ataanguka. Na kubwa zaidi hawaiti wazazi. Hii mbinu ya kuanzia mwisho hakuna aliyeniambia, niliiona siku nimewahi kumchukua nikachungulia dirishani, na huku nyumbani bibi anaendelea kumvisha kila asubuhi, wanachojenga kule sisi twabomoa.

Asubuhi ya Idi alitaka kufunga kanzu yake, vifungo vitatu tu vya shingoni, akapinda kimoja akafungua vyote akaanza tena, wanaume washatoka kwenda kuswali baba yake amesimama mlangoni anamngoja, na bibi mikono inamwasha nikamshika. Kakifunga cha mwisho akakimbia.

Nyota nne. Ya tano nitawapa wakiita mkutano wa wazazi, na bibi nitaenda naye.