Kipima oksijeni cha kidoleni: uzoefu wangu nikiwa kwenye kemo

Nilinunua kifaa hiki wiki ya tano ya dripu za paklitakseli, kemo ya saratani yangu ya matiti, baada ya kumaliza ile awamu ya dawa nyekundu, doksorubisini. Hakuna aliyenishauri. Nilikuwa na kikohozi kikavu kisichokatika, na nikiinama kufunga kamba za viatu nainuka nikihema.

Siku ya kwanza kilinidanganya, au tuseme nilijidanganya nacho. Nimekaa kitandani, kidole ndani, namba ikatoka 97, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu, na hiyo ni nzuri. Nikatulia wiki nzima. Kikohozi nikakiita mafua, uchovu nikausingizia kemo. Uchovu wa kemo ni jalala, kila kitu hutupwa humo.

Binti yangu ndiye aliyeniambia, "Mama, hebu panda ngazi nacho." Nikapanda na kushuka mara mbili. 88! Nikabadilisha kidole, 88 tena, na ilichukua dakika kadhaa kurudi juu ya 94. Nikaandika namba na saa, nikapiga simu kliniki siku hiyohiyo. Nadhani bila karatasi ile ningeambiwa nipumzike tu.

Eksirei haikuonyesha kitu cha maana. Picha ya CT ndiyo iliyoonyesha ukungu mweupe pande zote mbili za mapafu. Lakini hawakuilaumu dawa papo hapo. Walitafuta kwanza maambukizi, donge la damu kwenye mapafu, na moyo, maana ile dawa nyekundu, doksorubisini, huweza kuudhoofisha. Na saratani yenyewe, kama imesambaa. Hilo nililiuliza mimi, na jibu nililisubiri siku mbili bila usingizi. Yote yalipoondolewa likabaki moja: mapafu yamevimba kwa sababu ya dawa. Nilishaonywa kuhusu nywele, kichefuchefu, ganzi ya vidole. Mapafu hakuna aliyeyataja. Kwa paklitakseli si jambo la kila siku, ila linajulikana, na kuna dawa nyingine za saratani ya matiti zenye tabia hiyo, kama everolimasi. Nyingine, trastuzumabu deruksitekani, imewekewa kabisa onyo rasmi kuhusu mapafu.

Paklitakseli ikasimamishwa. Nikaanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, dozi ikipunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, pamoja na kotrimoksazoli ya kukinga maambukizi. Prednisoloni inanyima usingizi na kuleta njaa ya ajabu, lakini kikohozi kilianza kulegea ndani ya siku chache. Hapo ndipo kifaa kilipofanya kazi yake: kila asubuhi napima nimekaa, kisha napima baada ya kupanda ngazi zilezile. 88 ikawa 91, ikawa 93. Siku dozi ilipopunguzwa na namba ya ngazi ikashuka tena, niliona mapema kuliko nilivyohisi.

Kasoro zipo. Kifaa kinapitisha mwanga kwenye kidole, na paklitakseli ilishaharibu kucha zangu: nyeusi, nyingine zimeinuka. Kidole cha kati kilinipa namba moja, cha pete nyingine. Rangi niliyokuwa nikipaka kuficha weusi huo ilibidi niifute. Mikono ikiwa baridi hakisomi kitu mpaka uisugue. Halafu kuna suala la ngozi: utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba vifaa vya aina hii hukosa kuona oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Mimi ni mweusi, kwa hiyo ile 97 yangu huenda ilikuwa chini ya hapo. Siku hizi siamini namba moja, naangalia imetoka wapi na inakwenda wapi. Tena kifaa hakijui kama damu imepungua. Hemoglobini yangu ilikuwa chini, natembea nikishika ukuta, chenyewe kinaandika 98.

Mlio wake nimeuzima. Unaamsha nyumba nzima.

Nampa nyota nne aliyekitengeneza. Ya tano nimemnyima kwa sababu ya karatasi ya maelezo: kuna picha nzima za kuonyesha namna ya kuweka betri, lakini hakuna mahali paliposema mtu atembee kwanza ndipo apime.