Mabuti ya kuskii kwa mwenye ulemavu wa mguu: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Dukani huanza kwa kukuuliza unaskii (unateleza kwenye theluji) vizuri kiasi gani, kisha wanakuletea buti gumu au laini. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, aliyepooza upande mmoja au anayevaa mguu wa bandia, la kuulizwa kwanza ni jingine: mguu utaingiaje, na utatokaje? Kifundo kisichokunjika kinakwama kwenye shingo ya buti.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa buti linalofunguka kwa nyuma, kama Nordica HF. Ukuta wa nyuma unalala, mguu unateleza ndani, bizimu ni chache, na hata mwenye mkono mmoja dhaifu anaweza kujivalisha. Ukishalifunga, inama mbele: kisigino kikinyanyuka, hasa kwa mguu uliopungua misuli, jaribu jingine.

La pili ni lenye ganda la vipande vitatu, ambalo ulimi wake wa plastiki unafunguka wote kwenda mbele. Mwenye splinti (kifaa cha kushikilia kifundo na mguu) hupata nafasi hapo, ila kufunga kunataka nguvu zaidi ya vidole.

La tatu ni buti laini linalokaa ndani ya fremu ngumu, kama Apex. Kwa anayetembelea magongo, kuivua fremu na kutembea kwa buti laini hadi mkahawani ni nafuu kubwa. Lile la kawaida la bizimu nne naliweka mwisho. Linunue tu kama kuna fundi wa kulipasha moto na kulipanua.

Mguu wa bandia una mambo yake. Uvishe mfuko wa plastiki ndipo utateleza ndani. Buti la kuskii humwegemeza mtu mbele, hivyo lipeleke kwa fundi wa viungo bandia arekebishe mlalo wa mguu, la sivyo goti litakuwa limekunjwa siku nzima. Wapo wanaotumia mguu maalumu unaonasa moja kwa moja kwenye kifungio cha skii (kile kinachoshika buti kwenye ubao), na hao upande huo hawahitaji buti kabisa.

Namba ya ugumu wa buti, takriban 60 hadi 130, hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo amini mguu wako. Mwepesi wa mwili huanzia chini. Asiye na nguvu kifundoni huenda akahitaji gumu kidogo limshikilie.

Pima miguu yote miwili kwa sentimita. Ikitofautiana sana, omba saizi mbili, na kila kifungio kirekebishwe kulingana na urefu wa soli yake. Soli za GripWalk, aina ya soli zilizopinda kidogo, ni rahisi kutembelea lakini haziingii kwenye kila kifungio.

Kama mguu hauhisi maumivu, kaa na buti dukani kwa muda, livue, utazame ngozi yote, hasa kifundo na ugoko. Wekundu usiofifia ndani ya nusu saa ni jibu tosha: buti hilo lirudishe.