Fedha za jimbo: zitangazwe kabla au baada?

Mkazi wa jimbo la Bahi, Tanzania, akitaka kujua Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo umegharimia nini, anaweza kusubiri ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Ripoti humfikia Rais mwishoni mwa Machi, ndipo iwasilishwe bungeni Dodoma. Miezi tisa! Hesabu zimekaguliwa, sawa, lakini mabati yalishaezekwa. Au hayakuezekwa.

Njia nyingine ni kutangaza kabla fedha hazijatumika. Marekani iliporudisha mwaka 2021 maombi ya fedha za miradi ya majimbo, yaliyositishwa tangu 2011, Baraza la Wawakilishi lilimtaka kila mjumbe aweke ombi lake mtandaoni na athibitishe kwa maandishi kwamba yeye na familia yake ya karibu hawana maslahi ya kifedha katika mradi huo. Hapo mwananchi anauliza mapema: kwa nini zahanati ile, si hii? Ila ombi si fedha, mengine hukataliwa.

Kwetu, sheria ya 2009 inampa mbunge mwenyewe uenyekiti wa kamati ya mfuko, kwa hiyo mimi nachagua kabla. Wala si lazima mtandao: karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji itasomwa na wengi zaidi, mradi mvua isiifikie.